Mstari Mmoja, Watoto Watatu: Afuatishe, Anakili, Afunike au Asomewe Imla?

Asubuhi moja niliandika ubaoni "Bandu bandu huisha gogo", nikawaambia wanangu watatu waunakili mstari huo. Kifungua mimba, miaka 11, alimaliza kabla sijakaa, akaanza kuchora magari pembeni ya daftari. Wa kati, miaka 8, aliandika "Danbu bandu hui", kisha akainama chini ya meza kutafuta raba ambayo haikuwa imeanguka. Kitinda mimba, miaka 5, alichora B moja iliyomeza mistari mitatu ya daftari, akaomba ruhusa aende zake. Somo lilikuwa moja na nilikuwa nimelipanga vizuri, lakini halikumfaa hata mmoja wao.

Kwanza nilidhani dawa ni kuwa na vitabu vitatu vya mwandiko, kila mtoto na chake. Nilijaribu kwa muhula mzima, nikachoka mimi kabla yao. Siku hizi naamini watoto wanaweza kuandika maneno yaleyale, ila kinachopaswa kutofautiana ni umbali kati ya kielelezo na ncha ya penseli. Kielelezo kinaweza kuwa chini ya penseli kabisa, na huko ndiko kufuatisha. Kinaweza kuwa juu ya mstari, upana wa vidole viwili hivi, na huko ni kunakili. Kinaweza kuonwa kisha kikafunikwa, mtoto akabaki nacho kichwani. Au asikione kabisa, akisikie tu, yaani imla. Mzazi anayesomesha nyumbani akikwama, mara nyingi amekwama kati ya hizi nne.

Kwanza, tunapima nini

Kila njia nitaiuliza maswali manne. Inadai nini kwa mkono, maana kuna mtoto mwenye maneno tele lakini vidole havijakomaa? Inadai nini kwa jicho? Inadai nini kwa kichwa, yaani kumbukumbu na tahajia? Na inamdai nini mzazi: akae pembeni muda wote, au anaweza kugeuka kumsaidia mwingine?

La jicho ndilo watu wengi hulisahau, kwa hiyo nilieleze kidogo. Mtu mzima akinakili haoni kazi yoyote. Mtoto anatazama kielelezo, anashika alichokiona, anarudi kwenye daftari, anatafuta alipoishia, anaunda herufi, anainua kichwa tena, anatafuta alipoishia kusoma. Na Kiswahili kina maneno marefu. Chukua "hawakutuambia": herufi 13. Mtoto anayenakili herufi moja moja atainua kichwa mara 13 kwa neno moja tu. Anayenakili kwa silabi, ha-wa-ku-tu-a-mbi-a, atainua mara saba. Anayeona vipande, hawa-kutu-ambia, mara tatu. Watoto hawa wanaweza kuwa na mkono wenye uwezo uleule kabisa, lakini mmoja atamaliza akiwa hoi na mwingine atauliza kinachofuata ni nini.

Kufuatisha

Mkono haudaiwi mengi, kwa sababu njia imeshachorwa. Jicho halihami. Kichwa kinapumzika, na hapo ndipo faida na hasara yake zilipo pamoja.

Faida ni kwamba mtoto ambaye mkono wake haujui njia ya herufi anapata njia. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi zilizokatwa kwenye msasa wazipitishie kidole kabla hawajashika kalamu. Ni wazo zuri hadi leo, hasa kwa mtoto ambaye penseli yenyewe ni ugomvi: kidole hakivunjiki ncha.

Hasara niliiona kwa kitinda mimba. Alifuatisha ukurasa mzima wa "o", safi, nikambandikia nyota. Wiki mbili baadaye, tulipofika "a", "d" na "g", kila kitu kikaharibika. Nikakaa pembeni nimtazame, na siyo kuutazama ukurasa, ndipo nikagundua anaanzia chini na kuzunguka upande wa mwendo wa saa. Ukurasa wa kufuatisha hausemi mkono ulipitia wapi. Kwa hiyo njia hii, inayoonekana rahisi kwa mzazi ("mpe karatasi ajishughulishe"), inamdai mzazi awepo kuliko anavyodhani. Weka kitone pa kuanzia na mishale yenye namba, kaa naye kwa herufi chache za mwanzo.

Jambo la pili: usimwache huko muda mrefu. Mwaka 2012 Karin James na Laura Engelhardt walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wa miaka 5 ambao hawajajua kusoma. Watoto hao walizoezwa herufi kwa kuziandika wenyewe, kwa kuzifuatisha, au kwa kuzibonyeza kwenye kibodi, kisha ubongo wao ukapigwa picha wakiwa wanatazama herufi. Sehemu za ubongo zinazotumika kusoma ziliamka kwa herufi walizoziandika wenyewe, na siyo kwa zile za kufuatisha wala za kibodi. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini unaendana na ninachokiona mezani: mtoto anayefuatisha vizuri sana anaweza kushindwa kuiandika herufi hiyohiyo kielelezo kikiondoka. Kanuni yetu ni kufuatisha mara tatu, kisha mara moja bila msaada, hata kama ile ya nne itatoka imepinda.

Inamfaa mdogo, mwenye vidole dhaifu au mkono unaotetemeka, na mkubwa aliyejifunza herufi vibaya anayehitaji kuanza njia upya. Huyu wa mwisho mpe kufuatisha herufi tatu nne tu zinazomsumbua, la sivyo atajiona amerudishwa darasa la watoto.

Kwa wanaochanganya b na d, kabla ya umri wa miaka 7 hivi ni kawaida, usihangaike mapema. Kinachosaidia ni kutozifundisha pamoja. Funza "d" ikiwa na ndugu zake "c, o, a, g", wote wakianza kwa kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Acha zipite wiki kadhaa, ndipo "b" ije na "h, n, m, r, p", zinazoanza kwa kushuka. Mkono ukijua kwamba moja inaanza kwa duara na nyingine kwa mti, jicho nalo hutulia polepole.

Kunakili

Mkono unadaiwa kiasi. Jicho linadaiwa kuliko njia zote. Kichwa kiasi. Mzazi anaweza kuondoka, na nadhani hiyo ndiyo siri ya umaarufu wake kwetu sisi wenye watoto wengi na saa chache.

Kunakili kunafunza mambo ambayo kufuatisha hakugusi: nafasi kati ya maneno, herufi kubwa, nukta, mkato. Kwa Kiswahili kuna hazina nyingine. Mtoto anazoea kuona kwamba "kwa sababu" ni maneno mawili na "ninakwenda" ni moja, makosa ambayo watu wazima wanayafanya kila siku kwenye simu zao. Anaona kwamba kile kialama kidogo kinatenganisha "ng'oa" na "ngoa". Mtoto mwenye macho makini atazipata hizi bila somo la sarufi.

Methali ni kielelezo kizuri kwa sababu ni fupi, imekamilika, na mara nyingi inarudia herufi. "Bandu bandu huisha gogo" inaweka b na d ndani ya neno moja mara mbili, na ndiyo maana ilimwangusha mwanangu wa kati. Ilikuwa mtihani, wakati yeye alihitaji zoezi. "Haraka haraka haina baraka" ingemfaa zaidi siku ile. Jambo moja la kukumbuka: Kiswahili sanifu hakitumii q wala x, na c huja na h tu. Mtoto anayenakili Kiswahili peke yake hatakutana na q wala x mpaka umpe majina au maneno ya lugha nyingine.

Njia hii ina marekebisho mengi, na mengi ni ya mahali pa kuweka kielelezo. Kukiweka ubaoni ndiyo hali ngumu kuliko zote, kwa kuwa jicho linabadili umbali kila mara. Kukiweka kwenye karatasi pembeni ni nafuu. Kukiandika juu kabisa ya mstari anaoandikia ni nafuu zaidi. Nilipoandika mstari uleule juu ya mstari wa mwanangu, nikiacha upenyo mdogo kati ya silabi, Ba ndu ba ndu, "Danbu" ilipotea siku hiyohiyo. Kwa anayepotea kwenye ukurasa, kata dirisha kwenye kipande cha kadi aone mstari mmoja tu.

Mtoto wa mkono wa kushoto ana shida yake ambayo wengi wetu hatuioni. Daftari nyingi za kunakili huweka kielelezo upande wa kushoto, na mkono wake unakifunika mara tu anapoanza kuandika. Kiweke juu, au kiandike tena upande wa kulia. Na mwache ageuze karatasi sehemu ya juu ielekee kulia, mkono ukae chini ya mstari. Wa mkono wa kulia hugeuza kinyume chake.

Pale inapokwama: kuna mtoto anayenakili kama anayechora. Mstari unatoka mzuri, lakini funika kielelezo umwambie asome alichoandika, anakutazama tu. Huyo hajaandika, amechora maumbo. Mpunguzie mpaka maneno anayoyasoma, hata yakiwa mawili. Kwa upande mwingine, msomaji mzuri mwenye umri wa kifungua mimba wangu hapati kitu kwa mstari mmoja. Anamaliza mkono ukiwa umejiendesha wenyewe na kichwa kiko nje kinacheza.

Kufunika

Mtoto anatazama, anasoma kwa sauti, anafunika, anaandika, anafunua, anajisahihisha. Mkono unadaiwa kama kwenye kunakili. Jicho linapata nafuu, kwa sababu linasafiri mara moja kwa kila kipande. Mzigo umehamia kichwani. Mzazi anahitajika wiki za kwanza, baadaye mtoto anajisahihisha mwenyewe.

Njia hii ni ya zamani. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923, aliwashauri walimu wamwache mtoto atazame neno, afumbe macho alione kichwani, kisha aandike. Alitaka pia somo la mwandiko liwe dakika tano hadi kumi tu kwa wadogo, na kwa hilo namwombea kila heri. Na mwaka 1997 Virginia Berninger na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 144 wa darasa la kwanza waliokuwa na shida ya mwandiko. Walilinganisha namna kadhaa za kuwafunza herufi. Iliyofanya vizuri zaidi ilikuwa ya kutazama herufi yenye mishale ya namba, kuifunika, kisha kuiandika kwa kumbukumbu. Iliishinda ile ya kunakili tu.

Kinachonivutia ni kwamba inapimika kwa kila mtoto. Wa miaka 5 anafunika herufi moja. Mwingine silabi, mwingine neno, mwingine nusu ya sentensi mpaka kwenye mkato. Lakini inaweza kumuumiza mtoto mwenye kumbukumbu fupi, ambaye atabahatisha na kuzoea makosa yake, na yule anayeogopa kukosea, ambaye atalia kila akifunua kadi. Wa kati wangu ni wa aina hii ya pili. Tukakubaliana anaruhusiwa kuchungulia, ila kila akichungulia aweke kitone pembeni ya mstari. Hakuna adhabu kwa vitone. Siku ya kwanza vilikuwa tisa. Vilipofika vitatu alikuja kunionyesha mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeshasahau kuvihesabu.

Imla

Jicho linapumzika kabisa. Kichwa kinabeba kila kitu: sauti, tahajia, alama, na sehemu ya sentensi iliyobaki. Mkono unadaiwa mwendo. Mzazi anadaiwa awepo sekunde zote.

Kwa lugha yetu imla inaweza kuanza mapema, kwa kuwa tunaandika karibu kama tunavyotamka. Mtoto anayejua silabi zake anaweza kuandika sentensi asiyewahi kuiona, jambo ambalo mtoto anayesoma kwa Kiingereza hulisubiri sana. Mitego ipo michache: dh na z, th na s, gh na g, l na r, h inayomezwa mwanzoni mwa neno, ng na ng'. Na mitego hiyo ni ya kinywa cha msomaji kabla ya kuwa ya sikio la mtoto. Ukisoma "zahabu", usimlaumu mtoto kwa kuandika "zahabu". Mimi l na r zangu huteleza nikiwa na haraka, na kifungua mimba amenisahihisha zaidi ya mara moja, kwa furaha ambayo naiona imezidi.

Usiifanye mtihani wa kushtukiza. Mpe kifungu akisome kwanza, akuonyeshe maneno mawili anayoyaogopa, myaangalie pamoja, ndipo usome.

Inamfaa mkubwa aliyechoshwa na kunakili, na mtoto ambaye macho yake yanapotea kati ya kurasa mbili lakini masikio yake ni makali. Haimfai ambaye herufi hazijawa za kujiendesha. Unaweza kujua hivi: mpe dakika moja aandike a mpaka z kwa herufi ndogo, bila kuangalia popote. Akisimama kuwaza umbo la herufi, imla itamlazimisha kufikiria umbo na tahajia kwa wakati mmoja, na kimojawapo kitaanguka.

Mkono unapokuwa nyuma sana ya kichwa

Kuna mtoto anayesimulia hadithi ya dakika kumi, ukimpa penseli anaandika maneno matatu. Anabana penseli mpaka kidole kinageuka rangi, analalamika mkono unauma, herufi zinabadilika ukubwa ndani ya neno moja. Ikiendelea hivyo licha ya mazoezi mafupi ya kila siku, mpeleke kwa mtaalamu wa tiba ya kazi, kwa sababu inaweza kuwa disgrafia, yaani ugumu wa kudumu wa kuandika, na hiyo haiondolewi kwa kuongeza kurasa. Wakati unasubiri, mwache aseme nawe uandike, kisha yeye anakili mstari mmoja tu wa maneno yake mwenyewe, au neno la mwisho tu. Penseli fupi, urefu wa kidole, humlazimisha ashike kwa vidole badala ya kiganja. Faili nene lililoinamishwa humpa kiganja pa kuegemea. Masomo mengine ayafanye kwa mdomo au kwa kibodi, historia isisubiri mkono.

Wote kwenye meza moja

Hesabu ya dakika ndiyo ngumu, maana njia mbili kati ya hizi, kufuatisha na imla, zinamtaka mzazi muda wote. Kwetu kitinda mimba anatangulia: dakika nne, herufi mbili za mstari wa siku, nikimtazama mkono. Wakati huo wakubwa wanausoma mstari na kutafuta maneno yao ya kuogopa. Kisha mdogo anaenda kupitisha kidole kwenye herufi za msasa, wa kati anaanza kufunika peke yake, nami namsomea mkubwa imla, kifungu kirefu kinachoanza na mstari uleule. Mwisho kila mmoja anazungushia duara herufi yake bora ya siku, na anachagua yeye. Siku mbili kwa wiki mpango huu unavunjika, mara nyingi kwa sababu ya raba.

Ukiwa bado njia panda

Mtoto ambaye hajui herufi inaanzia wapi, mpe kufuatisha pamoja na mishale, na umwondoe huko herufi kwa herufi. Anayejua herufi lakini maneno yake yanaelea bila nafasi na bila nukta, mpe kunakili, kielelezo kikiwa juu ya mstari. Anayenakili safi na bado anakosea tahajia akiandika barua yake mwenyewe, au anayechoka kwa kuinua kichwa, mpe kufunika, ukianza na kipande kidogo kuliko unavyodhani anahitaji. Mwenye mwandiko uliokomaa anayechora magari pembeni, msomee imla.

Na ukiwa na mtoto anayelingana na mawili kati ya haya, kama wa kati wangu, gawanya mstari: nusu ya kwanza anakili, nusu ya pili afunike. Mpe wiki tatu kabla hujabadilisha kitu, kisha weka ukurasa wa siku ya kwanza pembeni ya wa leo, mwulize yeye ni upi ulimchosha zaidi.